Waliosimama na Waliopita

Babu yangu aliendesha malori kwa miaka 33, na katika simulizi zake zote sijawahi kumsikia akisema "nilimsaidia mtu." Husema "nilisimama." Nilisimama Chimala. Nilisimama Iyovi, mvua inanyesha. Yule Msomali alinisimamia Mpika siku mbili nzima. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni upungufu wa maneno, kwa kuwa Kiswahili cha Babu kimejengwa juu ya Kihehe na kelele za injini. Sasa nasoma shahada ya uzamili ya historia, na nimeanza kuona kwamba Babu alichagua kitenzi chake vizuri kuliko mimi. Kusaidia ni jambo la baadaye, la spana na maji. Kwa mtu mwenye tani nyingi nyuma yake, gizani, uamuzi wote uko kwenye kusimama.

Utafiti wangu haukuanzia maktaba. Ulianzia kwenye Noah ya mjomba wangu, Desemba 2021, tukitoka Dar es Salaam kwenda Ilula kwenye harusi ya binamu. Tulikuwa sita ndani ya gari, na wali wa njiani, na sare za harusi zimening'inizwa dirishani. Tulipita Mikumi salama. Kwenye milima ya Iyovi, saa tano usiku, mpira wa rejeta ukapasuka, moshi mweupe ukajaa mbele ya kioo, na mjomba akalisogeza gari pembeni kadiri alivyoweza, yaani nusu yake ikabaki barabarani. Simu zote sita hazikuwa na mtandao. Tukavunja matawi, tukayapanga nyuma na mbele ya gari kama kila Mtanzania anavyojua kufanya hata kama hajawahi kuwa na leseni.

Lori la kwanza lilipita likapiga honi ndefu. La pili lilipita kimya. Nakiri kwamba niliwatukana madereva wale kwa maneno ambayo mama yangu hakujua kama nayajua. La tatu nalo likapita, likateremka kama mita mia mbili, kisha tukaona taa nyekundu za breki. Tukashangilia. Mara taa zote zikazimika. Ikabaki injini tu ikinguruma gizani, na hakuna mtu aliyekuja.

Zilipita dakika nyingi. Mjomba akaanza kutembea kulifuata lori, na hapo sauti ikatoka, siyo mbele alikokuwa anakwenda, bali kwenye vichaka upande wa pili wa barabara, karibu kabisa na sisi. "Baki hapo hapo." Mjomba akabaki. "Washa taa ya ndani. Fungua milango yote. Shukeni wote, na wamama pia." Tukashuka. Tochi kali ikatupitia mmoja mmoja, na niligundua kwamba haimuliki nyuso. Ilikuwa inamulika mikono. Ilipomaliza mikono kumi na miwili ikamulika siti za nyuma, kisha chini ya gari, na ndipo sauti ikabadilika kabisa, ikawa sauti ya kijana aliyelelewa vizuri: "Shikamooni wazee. Poleni sana na safari."

Alikata kipande cha tyubu kuukuu, akakizungusha kwenye mpira uliopasuka, akakikaza kwa waya. Akatupa dumu la maji. Alikataa pesa, akachukua mayai mawili ya kuchemsha kutoka kwa mama mkubwa. Utingo wake hakushuka hata mara moja. Alikuwa amejifungia kwenye kichwa cha lori, na dereva alituambia bila aibu kwamba alimwagiza aondoe gari akisikia kelele, amwache. Kabla ya kuondoka alisema kitu kimoja ambacho sikukielewa: "Mkiulizwa, mimi sikusimama hapa."

Kesho yake nilimsimulia Babu kwa hasira. Siyo hasira kwa waliopita tu, hata kwa huyu aliyetupekua kama wezi. Babu alicheka mpaka akakohoa. "Mke wangu," aliniambia, maana ndivyo anavyoniita tangu nizaliwe, "huyo ndiye dereva. Hao wawili nao ni madereva."

Nikakaa na sentensi hiyo mwaka mzima.

Ili kuielewa ni lazima turudi tarehe 11 Novemba 1965, siku ambayo serikali ya walowezi ya Ian Smith ilijitangazia uhuru wa Rhodesia. Zambia ilikuwa na mwaka mmoja tu tangu iwe huru. Mafuta yake yalikuwa yakipitia Rhodesia, na shaba yake, ambayo ndiyo iliyokuwa uhai wa nchi, ilitoka kwa reli ya huko huko. Kabla mwaka haujaisha mafuta yakakatwa. Kwa muda, ndege za Uingereza, Kanada na Marekani zilibeba mapipa ya mafuta kuipelekea Zambia, kazi ya gharama isiyoweza kuendelea. Njia iliyobaki ilikuwa barabara kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Ukanda wa Shaba, karibu kilomita 2,000, sehemu kubwa yake ya udongo. Mwaka 1966 ikaundwa kampuni ya usafirishaji ya Zambia na Tanzania, serikali mbili pamoja na wabia wa Kiitaliano, na malori ya Fiat na matela yake yakaanza kupanda kusini yakiwa na mapipa ya mafuta na kurudi yakiwa na shaba.

Waandishi wa habari wa Kiingereza waliiita njia hiyo Hell Run, safari ya jehanamu. Wakati wa masika udongo uligeuka uji. Wakati wa kiangazi vumbi lilimfunika aliye nyuma asimwone aliye mbele. Malori yalibingirika, mengine yakaungua na mapipa yake, na mabaki yaliachwa pembeni mwa njia miaka kadhaa, kiasi kwamba madereva waliyatumia kama alama za kuelekezana. Nilipomuuliza Babu wao waliiitaje njia hiyo, alisema: "Kazini."

Alianza mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, akiwa na umri wa miaka 19, utingo wa dereva kutoka Pwani ambaye alikuwa mcha Mungu na mkali kwa breki. Kazi ya utingo ilikuwa kuruka chini lori likishindwa mlima na kuweka jiwe au kigingi nyuma ya gurudumu kabla halijarudi. Kitonga yote ilipandwa hivyo, hatua kwa hatua, jiwe kwa jiwe.

Sasa, kwenye rasimu ya kwanza ya tasnifu yangu niliandika kwamba madereva wa miaka ile walikuwa na "utamaduni wa ukarimu." Msimamizi wangu akazungushia duara neno ukarimu, akaandika pembeni: ushahidi? Nilikasirika, kisha nikarudi kwa Babu na kinasa sauti, na nikagundua kwamba msimamizi alikuwa na haki zaidi ya alivyojua mwenyewe. Babu alilikataa neno hilo pia. Ukarimu, alisema, ni wa mtu mwenye nyumba. Wao walikuwa barabarani.

Alichonieleza kilifanana zaidi na upatu. Kati ya mji na mji hapakuwa na gereji, simu wala gari la kuvuta. Springi ikikatika, mtu pekee anayeweza kuja ni dereva mwingine, na mtu huyo atakuja kwa sababu yeye pia springi yake itakatika wiki ijayo. Ukimpa mtu mpira wa akiba huko Mpika, hukutegemea akurudishie yeye. Ulitegemea kuupata kwa mwingine, Makambako au Tunduma, mwezi mwingine. Kilichowezesha hesabu hiyo, na hili sikulikuta kwenye kitabu chochote, ni kwamba wengi wao waliendesha magari ya aina moja. Pampu ya lori langu inaingia kwenye lori lako. Nozeli yangu ni nozeli yako. Watu waliofanana vipuri walifanya urafiki haraka.

Kisha kulikuwa na elimu yenyewe. Tenki likitoboka, chukua sabuni ya mche, itafune au ilowanishe, izibe nayo, maana dizeli haiyeyushi sabuni. Tyubu ikiwa imekwisha kabisa na kijiji kiko karibu, jaza majani ndani ya tairi, shindilia, nenda polepole. Haya yote yalifundishwa pembeni mwa barabara, na mtu asiyekusanya watu pale gari lake lilipoharibika hakujifunza. Babu anasema alijifunza ufundi kwa kuharibikiwa.

Ukishaona hivyo unaelewa kwa nini aliyepita bila kusimama alijulikana. Habari zilisafiri kuliko malori. Aliyempita mwenzake Igawa akifika Mbeya alikuta zimeshafika, na siku yake ya kukwama angeachwa kidogo aonje. Siyo mpaka afe. Aonje tu.

Hatari zilikuwepo tangu mwanzo, lakini zilikuwa hatari za vitu: jeki kuteleza, mnyororo wa kuvutia kukatika na kurudi kama mjeledi, lori jingine kutoka kwenye vumbi na kuwavamia waliokuwa wamelala chini ya gari wakitengeneza. Babu alimwona mtu akifa kwa njia hiyo ya mwisho. Hajawahi kunisimulia zaidi ya sentensi moja, na sikumlazimisha.

Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA lilifunguliwa, kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, na mapipa yakapungua barabarani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 lami ikafika. Mwaka 1976 reli ya TAZARA ikakabidhiwa rasmi. Vitabu ninavyosoma vinaishia hapo kwa furaha, na kweli ni historia ya kujivunia: nchi mbili maskini zilikataa kupigishwa magoti. Lakini kwa mtu anayefuatilia suala la nani anamsimamia nani, lami ilileta jambo jipya. Ilileta wageni. Magari madogo, mabasi, pikipiki, watu wasio na jeki wala sabuni ya mche, ambao wakikwama hawana cha kumrudishia dereva wa lori, wala hawatakutana naye tena. Upatu wenye wanachama wanaojuana uligeuka mlango ulio wazi. Babu, ambaye wakati huo alishapata leseni yake, alisimama kwa wote hao, na anasema hakuona tofauti. Mimi naiona. Naamini ndipo neno ukarimu lingeanza kumfaa, ingawa bado analikataa.

Halafu ikaja vita ya Kagera, 1978 hadi 1979. Malori ya mashirika na ya watu binafsi yalichukuliwa kupeleka askari na chakula, na mengi yalirudi mabovu au hayakurudi. Baada ya vita nchi haikuwa na fedha za kigeni. Vipuri vikawa dhahabu. Lori lililolala njiani usiku mmoja liliamka halina matairi, hivyo utingo alilala ndani na panga. Sukari, sabuni, khanga na dawa ya meno vilikuwa adimu, na vyote hivyo vilipita barabarani ndani ya malori. Kwa mara ya kwanza mzigo wenyewe ulikuwa na thamani ya kumuua mtu.

Majambazi walijua dereva husimama kwa sababu gani, wakazitumia sababu hizo hizo. Waliweka matawi. Walilaza mtu katikati ya lami. Walimsimamisha mwanamke pembeni ya gari lililofunguliwa boneti. Babu alinifundisha namna walivyojaribu kutofautisha: dereva wa kweli huweka matawi pande zote mbili, jambazi huweka upande unaokuja wewe tu. Dereva wa kweli yuko chini ya gari au amekaa amechoka. Asiye dereva amesimama anakutazama. Mkono wenye shida unapunga kwa fujo. Mkono mtulivu una kitu. Nikakumbuka ile tochi ya Iyovi, iliyokuwa inasoma mikono yetu, na aibu ikanishika.

Mwaka 1983 ishara hizo hazikumtosha. Alikuwa anaendesha lori la shirika moja la umma, amebeba sukari. Ilikuwa alfajiri, mahali ambapo hataki niandike jina lake kwa kuwa ana marafiki pale. Mtu amelala barabarani, na damu ilikuwa damu kweli, wamechinja mbuzi. Babu alisimama. Wakatoka saba. Utingo wake, kijana wa Mafinga, alikatwa panga mkononi akijikinga, na mkono ule haukufanya kazi tena. Sukari ikaondoka yote.

Nilitegemea hadithi iishie hapo, na labda wewe msomaji ulitegemea hivyo. Lakini Babu aliinua kidole. 1983 ndio mwaka wa kampeni ya Waziri Mkuu Sokoine dhidi ya wahujumu uchumi. Sheria maalumu ilitungwa, mahakama maalumu ikaundwa, na watu walikuwa wakitupa bidhaa vichakani usiku wasikutwe nazo. Katika hali hiyo akaja dereva mwenye lori tupu akieleza kwamba sukari ya umma imepotea kwa sababu alisimama kumsaidia mtu. Nani angemwamini? Alikaa mahabusu siku 19. Waliomhoji waliuliza swali lile lile kila siku: kwa nini ulisimama? Na kila siku hakuwa na jibu ambalo lingesikika kama jibu.

Aliachiwa bila kesi. Kazi hakurudishiwa. Alipata nyingine kwa mfanyabiashara binafsi baada ya mwaka, na akaendesha hadi 2004.

Nimeshasikiliza madereva wastaafu tisa sasa, na ninaweza kusema kwamba hofu ya jambazi si kubwa kwao kama hofu ya kuulizwa. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inamtaka dereva aliyehusika kwenye ajali asimame na kuwahudumia majeruhi. Ni sawa kabisa. Ila majeruhi anahitaji fomu ya PF3 kutoka polisi, na anayempeleka polisi na hospitali ndiye mtu pekee aliyepo wa kuulizwa maswali. Lori lako liko nje. Majeruhi hajitambui. Damu iko kwenye kebini yako. "Wewe ndiye uliyemgonga?" Mmoja wa wazee wangu alilaza lori kituoni siku nne kwa ajili ya mwendesha baiskeli aliyemwokota akiwa tayari amelala mtaroni. Wengine wanawaogopa wananchi zaidi: kundi linalofika eneo la ajali likakuta lori limesimama na mtu amelala chini halina muda wa kuuliza nani alianza kufika. Wako madereva walioshambiliwa kwa mawe hivyo, kwa kosa la kusimama.

Niseme pia upande wa pili, maana sipendi madereva wageuke malaika mikononi mwangu. Yale mawe ya kuzuia magurudumu, Kitonga na kwingineko, mara nyingi yanaachwa pale pale barabarani lori likishaondoka. Mwendesha pikipiki anakuja nyuma bila taa. Dereva wa lori anayekuwashia indiketa ya kushoto kwamba upite, naye hakuangalia vizuri, amekuongoza kwenye kifo kwa nia njema. Rafiki yangu wa shule ya msingi alimpoteza baba yake kwa jiwe la namna hiyo. Aliyeliacha alikuwa amesaidiwa vizuri sana na wenzake usiku ule.

Na kuna mafuta. Asubuhi ya tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro, kwenye barabara hii hii. Watu walikusanyika, wengine wakichota petroli kwa madumu, wengine wakitazama, wengine wakipita tu. Moto ulipolipuka uliua, hatimaye, watu zaidi ya 100. Mwaka 2009 ilishatokea Sachangwan, Kenya, na mwaka 2010 huko Sange, mashariki ya Kongo, ambako walikufa zaidi ya 200. Mengi yamesemwa kuhusu tamaa ya wachotaji, na mengi yalisemwa na watu ambao hawajawahi kuhesabu bei ya lita moja. Mimi nilitaka kujua kitu kingine, na nilimuuliza dereva wa tenki niliyemkuta akinywa chai Ilula: ukiona mwenzako wa mafuta amepinduka, unafanya nini? Akasema anasimama mbali, anazima injini, anakaa na simu mkononi. Kampuni imewafundisha hivyo na anaona ni sahihi. "Namwangalia tu," alisema. Alisema amewahi kuangalia mara moja, na mtu aliyekuwa ndani alikuwa anagonga kioo. Akamaliza chai yake. Sikumuuliza zaidi.

Dereva huyo ndiye aliyenieleza maneno ya yule kijana wa Iyovi. Malori mengi sasa yana kifaa kinachoonyesha ofisini gari liko wapi na limesimama dakika ngapi. Ukisimama mahali ambapo si kituo, simu inaita: kuna nini hapo? Mabosi wana sababu zao, dizeli huuzwa njiani kwa madumu na wanajua. Kwa hiyo dereva anayesimamia gari la mtu usiku anajibu kwamba anakagua matairi, au anajisaidia. Kwenye kumbukumbu za kampuni yake, kijana aliyetutengenezea rejeta alikagua matairi kwa dakika 40. Na kama angejeruhiwa pale, ingeandikwa kwamba alisimama sehemu isiyoruhusiwa.

Hapa ndipo tasnifu yangu ilipokwama, na sioni haya kusema. Niliketi chumba cha East Africana pale maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nikifunua magazeti ya miaka ya 1960. Tani zipo. Mapipa yapo. Mawaziri wapo, wamesimama mbele ya malori mapya. Ajali zipo pia. Ila lori lililofika salama kwa sababu mtu fulani alisimama Chimala na pampu yake ya akiba, hilo limeandikwa kama lori lililofika. Msaada uliofanikiwa hauachi karatasi. Ulioshindwa unaacha faili la polisi. Kwa miaka mingi tangu miaka ya 1990, mabasi yalipopigwa marufuku kusafiri usiku mpaka yaliporuhusiwa tena mwaka 2023, barabara ya usiku ilikuwa ya malori peke yake, na kila gari dogo lililokwama kati ya saa nne usiku na alfajiri liliokolewa na mmoja wao au halikuokolewa. Hakuna aliyehesabu.

Nilirudi Ilula Pasaka iliyopita. Tulikaa na Babu kwenye benchi lake nje, malori yakimaliza Kitonga na kushusha pumzi, akina mama wakikimbilia madirishani na ndoo za nyanya. Nikamuuliza swali nililoliogopa tangu mwanzo. Baada ya zile siku 19, uliendelea kusimama?

Alikaa kimya muda mrefu. Nilidhani hakusikia.

"Kuna niliowapita," alisema.

Akanisimulia mmoja. Miaka ya 1980 mwishoni, usiku, mvua, anapanda Kitonga na tela. Kwenye kona aliona gari dogo na mwanamke amembeba mtoto, amesimama upande wa korongo, anapunga. Matawi yalikuwa upande mmoja tu. Akasema moyoni, ni upande mmoja. Akapita. Alipofika juu ndipo alipowaza kwamba kwenye kona ile, upande wa pili, hakuna mti. Huwezi kugeuza tela Kitonga. Alisimamisha lori la kwanza lililokuwa linashuka akamwambia dereva: kuna mama pale na mtoto, mwangalie. Dereva akasema sawa. Babu hakumjua, hakuchukua namba za lori lake, na hakukutana naye tena.

"Sijui kama alisimama," alisema.

Lori likapita mbele yetu, dereva akapiga honi fupi, Babu akainua fimbo bila kutazama. Kisha akanigeukia akataka nimsimulie tena habari ya Iyovi, ambayo ameshaisikia mara nyingi. Nikaanza: mpira wa rejeta, honi, lori la tatu. Alinikatisha kwenye taa.

"Alizima zote?"

"Zote, Babu."

"Kabla ya kushuka, au alishuka kwanza utingo ndiye akazima?"

Nikafikiri. Nilikuwa pale, macho yangu yote mawili kwenye lori lile, na sikuweza kukumbuka.

"Hilo ndilo ulipaswa kuliangalia," akasema Babu, akaniagiza nimletee maji.